Wafiwa wa Ukutani

Alhamisi asubuhi Naubahara alikuwa amepiga magoti mbele ya meko, anabandika mkate wa mahindi kwenye kikaango, aliposikia tone la maji likidondoka nyuma yake. Hakugeuka. Mkate wa mahindi ukiuacha kidogo unavunjika, na unga wenyewe ulikuwa wa kukung'uta kwenye gunia. Aliugeuza kwanza, akaupigapiga kwa ncha za vidole, ndipo akatazama ukutani. Lile jiwe lilikuwa linalia tena.

Jiwe hilo lilijengewa humo na babu wa mumewe, aliyelikuta wakati anachimba msingi wa nyumba. Enzi hizo hakuna aliyejua kuwa mawe ya namna ile yana wanunuzi. Babu aliona pengo karibu na jiko, akalichomeka hapo, likakaa vizuri. Bonde letu limejaa mawe hayo. Yalichongwa na watu wa kale waliokaa hapa kabla yetu, wafuasi wa Buda, na kila jiwe lina kisa chake: hapa anazaliwa, hapa anatoroka kwao kwa farasi, hapa ametulia chini ya mti. Yapo yaliyogeuka vizingiti, yapo ya kufulia nguo, na kwa jirani wa chini mbuzi hulamba chumvi juu ya tumbo la mfalme.

La jikoni kwa Naubahara lilionyesha kifo cha Buda. Tatizo ni kwamba Buda mwenyewe hakuwemo. Jiwe lilikuwa limevunjika, na waliobaki ni wafiwa. Mmoja kashika kichwa kwa mikono miwili. Mmoja anajing'oa nywele. Mmoja kaanguka chini na mwenzake anamwinua kwa makwapa. Wa tano ni mzee mwenye fimbo. Chini yao kakaa wa sita, mdogo, kajifunika shuka gubigubi na katupa mgongo, na kando yake kiriba cha maji kinaning'inia kwenye miti mitatu. Ukingoni, upande wa kulia, unaona mguu mmoja wa kitanda na ncha ya shuka, basi, jiwe limekatika. Kipande chenye maiti kilichimbuliwa shambani kwa Muqadar Khan, naye akakiuza zamani. Inasemekana kiko nchi ya mbali, ndani ya chumba kinachowaka taa mchana na usiku, na maiti kalala nyuma ya kioo bila hata mtu mmoja wa kumlilia.

Jiwe lilianza kutoa machozi msimu wa maua ya mipichi, siku ile Shirinzada, mume wa Naubahara, alipokwenda kazini asirudi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya siri, siri ambayo hata kuku wa kijiji wanaijua. Muqadar Khan ana ghala la masanduku ya pichi ubavuni mwa kilima. Chini ya masanduku kuna shimo, na shimo linaingia kilimani kutafuta mawe ya kuchongwa. Serikali imekataza kuchimba. Kwa hiyo Khan hachimbi, anahifadhi pichi. Ana watu kumi wanaomhifadhia pichi kwa sururu mwaka mzima, hata wakati ambapo mpichi hauna jani. Msimamizi wao ni Fazalwahid, kaka mkubwa wa Shirinzada.

Siku hiyo kilima kilitoa mshindo, kama mtu mnene aliyekaa ghafla. Vumbi jekundu likatoka kwenye dirisha la ghala. Watu tisa wakatoka mlangoni. Jioni Fazalwahid alikuja kumwambia shemeji yake kwamba Shirinzada amepata kazi Karachi, na kwamba ameondoka mbio kwa sababu gari lilikuwa linamngoja.

"Karachi," alisema Naubahara.

"Karachi. Kiwanda cha nguo."

"Kitambulisho chake hiki hapa kwenye sanduku la bati. Vizuizi vyote vya barabarani amevipita kwa uzuri wa sura?"

"Atatumiwa."

"Na kikopo chake cha ugoro hiki hapa. Shemeji, mume wangu haendi msalani bila ugoro, atakwenda Karachi?"

Fazalwahid alikitazama kikopo. Kilikuwa na kioo kidogo kwenye kifuniko, na ndani ya kioo aliuona uso wake.

"Karachi kuna ugoro," alisema, akaondoka bila kunywa chai.

Tangu hapo Naubahara akawa mjane asiye na ruhusa ya ujane. Kwetu misiba na harusi ni kazi ya wanawake, na ni kazi kweli. Mwanamke hatoki kwake ovyo, lakini kukisikika kilio atatoka hata kama ana mimba ya kesho. Usipoonekana, utakumbukwa mpaka wajukuu wako waambiwe. Naubahara hakuwa amekosa msiba hata mmoja. Alimlilia hata mama yake Khan, bibi ambaye paka wake mwenyewe alihama kabla hajazikwa. Na sasa msiba umefika kwake, na hakuna aliyekuja. Utamhanije mtu ambaye mume wake yuko kazini? Wanawake walipokutana naye chemchemini walimuuliza, "Baba wa nyumba hajambo huko? Nasikia Karachi kuna joto," naye akawajibu, "Yuko pale kilimani, chini ya ghala, na kilima si kaburi. Nataka atolewe, azikwe kando ya baba yake, chini ya mti wa mjozi." Wanawake wakatikisa vichwa kwa huruma, wakasema joto la Karachi kwa kweli ni baya.

Maua yakawa pichi, pichi zikachumwa. Naubahara alikwenda mara nyingi mlangoni pa ghala. Kila alipokwenda alipewa pichi.

Alhamisi hiyo, basi, aliweka mkate pembeni, akafuta mikono, akalikabili jiwe.

"Mnalia, nawaona," alisema. "Mmelia tangu enzi za nani sijui, na maiti wenu kauzwa. Mimi maiti ninaye, nikirusha jiwe kutoka hapa nitampiga, ila wa kumlilia ndio sina. Shukeni basi, mnililie wangu."

Akabandika maji ya chai. Yalipochemka walikuwa wameshashuka.

Ukutani walikuwa na urefu wa shibiri. Uani walikuwa na urefu wa watu, rangi ileile ya kijivu inayoelekea kijani, na pua zao zilizovunjika zamani zilibaki zimevunjika. Mzee alitangulia na fimbo yake. Yule aliyeanguka alishuka akiwa bado ameanguka, mwenzake kamshika makwapa. Wa sita, mwenye shuka, alihamia juu ya lundo la kuni pamoja na kiriba chake, akakaa, akatupa mgongo. Pale ukutani ukabaki mguu wa kitanda.

Walipiga kilio. Kilikuwa kilio cha kizamani, kizito, kama jiwe la kusagia linapozunguka bila nafaka.

Nyumba zetu zinapanda kilima kama ngazi, paa la huyu ni ua wa yule. Wa juu ya Naubahara alikuwa Zartaja, mwanamke mwenye ulimi wa kukatia majani ya ng'ombe, mke wa Gulrang, ambaye alikuwa bingwa wa kulala na hakuna aliyekumbuka lini alikuwa na kazi. Zartaja alikuja ukingoni mwa paa, akainama.

"We Naubahara! Hao wanaume ni wa nani?"

"Wa ukutani."

"Na mumeo yuko Karachi! Watano, loo! Wenzio tunahangaika na mmoja, na huyo mmoja amelala."

"Ni wa jiwe hao, Zartaja."

"Jiwe ndiyo nini? Masharubu si wanayo?" Akainama zaidi. "Huyo anayejing'oa nywele si mbaya. Ila pua. Ehe, nani kafa?"

"Waulize wanaolia."

Kuropoka Zartaja alikuwa anaropoka, lakini mjinga hakuwa. Aliinua macho akatazama kilima, akatazama ghala, kisha akavuta shali usoni, akaingia kwenye ngazi huku ameshaanza kulia. Alilia vizuri sana. Zartaja ana kilio kinachofika mpaka kinu cha maji.

Ndiyo ilivyo. Kilio kikishasikika, huna tena nafasi ya kuuliza ni cha nani, unaweka chini ulichoshika. Kabla ya adhuhuri ua wa Naubahara ulikuwa umejaa wanawake. Walikaa wakiwapa wale wanaume wa jiwe migongo, kwa heshima, wakalia, kila mmoja akilia na lake. Hakuna aliyesema jina. Vyakula vikaanza kuja kutoka nyumba za jirani, maana nyumba yenye msiba haipiki: mchicha, wali, mtindi kwenye ndoo. Chai Naubahara aliipika kwa maji ya kile kiriba cha wa sita. Kiriba hakikupungua, akapumzika na safari za chemchemini.

Alasiri Fazalwahid akaja. Alipiga hodi kwa kukohoa, wanawake wakajisitiri, akaingia uso umemvimba.

"Shemeji! Nini hiki?"

"Msiba."

"Nauliza hawa! Wanaume watano katikati ya wanawake wa ukoo wangu! Ndugu yangu akisikia huko aliko..."

"Atasikia," alisema Naubahara. "Si mbali."

Fazalwahid alijifanya hakusikia hilo. "Aibu hii nitaificha wapi? Wafiwa wanaume wanakaa hujra! Mtoto mdogo analijua hilo. Mwanamume akiwa na msiba anakwenda hujra, anakaa na wanaume, anahaniwa na wanaume. Hawa wamekaa uani kama bibi harusi!"

Zartaja alifunua jicho moja.

Naubahara alikuwa ameshika birika. Alilitua polepole.

"Shemeji, wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii sasa," alisema. "Ukisema hujra, ni hujra. Mimi ni nani nikuzuie?"

"Hujra!" alisema Fazalwahid.

"Wote?"

Fazalwahid alimtazama yule wa kwenye kuni. "Huyo aliyetupa mgongo abaki. Yeye haoni mtu."

Akawatoa wale watano mlangoni mmoja mmoja, akawaongoza kwenye njia ya mawe, na walipopita njia ikatitia kidogo. Alipokwisha kupotea kwenye kona, Zartaja alijiziba mdomo kwa shali, mabega yakamtikisika.

"Hujra ya nani?" alinong'ona. "Nikumbushe, mwenzangu, maana mimi na uzee huu. Hujra ya hapa kijijini ni ya nani?"

Hujra, baraza la wanaume, ni moja tu kijijini kwetu, nayo ni ya Muqadar Khan.

Khan alikuwa amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba, anavuta kiko cha maji, wale watano walipoingia na kilio chao. Ni mtu muungwana, Khan. Sauti hapandishi. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akawakaribisha, akaagiza chai. Walipoketi, vitanda vitatu vilikatika kamba, akaagiza zulia. Huku akitabasamu alimvuta Fazalwahid kando.

"Umeniletea nini?"

"Wafiwa, Khan. Walikuwa kwa wanawake, nikaona aibu."

"Msiba wa nani?"

Fazalwahid alifungua mdomo. Ndipo alipoona alichokifanya. "Sikuuliza," alisema.

"Punda wewe," alisema Khan, kwa upole uleule, akarudi kwa wageni wake.

Mfiwa akishakaa hujra hatolewi. Mwenye hujra anakaa naye mpaka matanga yaanuliwe siku ya tatu, anamlisha yeye na kila anayekuja kumhani. Hilo Khan alilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu ukhan wenyewe ndio huo. Bila hujra yeye ni mfanyabiashara wa pichi. Kwa hiyo alikaa. Wanaume wakaja, wa kijiji chetu na wa kijiji cha ng'ambo, wakaingia, wakainua mikono, wakaomba dua, wakapangusa nyuso, wakaketi, wakanywa chai. Khan naye akainua mikono kila mara, maana huwezi kuketi na mikono mapajani wakati wenzako wanaomba. Akiombwa kusema neno alisema, "Mungu amrehemu marehemu," na marehemu hakumtaja. Imamu Habibnur aliulizwa kama inafaa kukaa na wageni wale. Alijibu kwamba kukaa na mtu anayelia hakujawahi kumharibia mtu udhu, akaomba sukari zaidi.

Kitu kimoja tu kilisumbua. Yule mzee, alipoketi, aliinyoosha fimbo yake kuelekea kilimani, ikaonyesha ghala la pichi, na hakuishusha tena. Ilikatiza katikati ya hujra. Wanaume walipita chini yake kwa kuinama. Kila aliyeingia aliitazama fimbo, akaifuata kwa macho mpaka dirishani, akaona ghala, halafu akawa na shughuli kubwa na kikombe chake.

Ijumaa usiku Khan hakulala. Si kwa majuto, nisimsingizie. Alikuwa anawatazama wageni. Wafiwa wazima, ukiacha pua, wenye nywele zao, mmoja tu ndiye mwenye ufa begani. Alijua mteja gani angemchukua yupi. Alikwenda mpaka karibu, akamgusa yule anayejing'oa nywele kwa kidole, nyuma ya sikio, kama mtu anayegonga tikiti maji. Mfiwa akaendelea kulia. Khan akarudi kukaa.

Huku juu, usiku huohuo, Zartaja alimwuliza Naubahara angetaka nini hasa. Walikuwa wanaosha vikombe.

"Mume wangu ajue jina lake limetajwa," alisema Naubahara. "Halafu wamtoe. Wakilitaja watamtoa. Huwezi kusema mtu amekufa, ukamwachia kilima."

"Na wakisema hawajui aliko?"

"Fimbo inaonyesha."

Zartaja alisuuza kikombe ambacho kilikuwa kimeshasuuzwa. "Unawaamini sana wanaume, mwenzangu," alisema.

Jumamosi matanga yalikuwa yaanuliwe. Khan alichinja fahali, wali ukapikwa kwenye masufuria ya kuogeshea watoto wawili wawili, na wanaume wakajaa hujra mpaka kwenye ngazi. Wanawake walipanda kwenye paa la juu yake, kama wanavyofanya siku hizo, wakakaa nyuma ya ukuta mfupi. Naubahara alikaa mbele. Alikuwa amevaa shali lake jeusi la misibani, na mkononi ameshika kikopo cha ugoro.

Watu walipokwisha kula, imamu alijisafisha koo, akainua mikono. Mikono yote ikainuka, ya Khan, ya Fazalwahid, ya wale tisa waliotoka ghalani siku ile. Hata wafiwa wa jiwe waliinua, isipokuwa yule aliyeanguka na mwenye kumshika, maana mikono yao ilikuwa na kazi.

"Ee Mola, mrehemu mja wako," alianza imamu, "mja wako..." Akasita. Dua ya kuanua matanga haina njia ya kupita pembeni. "Nipeni jina."

Hakuna aliyempa.

"Mungu anamjua," alisema Khan.

"Mungu anamjua, Khan, lakini msomaji ni mimi."

Mikono ilikuwa bado juu. Mikono ikishainuka kwetu haishuki mpaka iitikiwe amin na ipanguse uso. Inzi alitua kwenye pua ya Khan, na Khan hakuweza kumfukuza.

"Shirinzada!" Sauti ya Naubahara ilitoka paani. "Shirinzada mwana wa Tajmuluk! Soma, imamu!"

Imamu alisoma. Alisoma jina na la baba, akamwombea kaburi pana na lenye nuru, na alipofika kwenye kaburi sauti ilimpungua kidogo, lakini akafika mwisho. Wanaume wote wakasema amin. Khan alisema amin. Fazalwahid hakuisema pamoja nao, aliisema baada yao, peke yake, kila mtu ameshapangusa uso, na ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

Fimbo ya mzee ikashuka.

Watu walikuwa wanamngoja Khan. Alichukua kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja, akainua uso kuelekea paani bila kutazama, kama mtu mwenye heshima anavyozungumza na mwanamke wa watu.

"Mama," alisema, "msiba ni wetu sote. Shirinzada alikuwa kama mdogo wangu. Habari nilikuwa nazo, ila nilishindwa nikuambie vipi. Amefia Karachi. Kule ndiko alikozikwa."

"Kaacha ugoro wake, Khan," alisema Naubahara.

Wanaume wawili watatu walikohoa kwa ghafla.

"Mungu amsamehe," alisema Khan.

"Mchimbueni. Sururu zipo, shimo lipo, na wanaojua alipokaa wamo humo ndani wanakula wali wako. Sitaki kingine. Mchimbueni nimzike."

"Nimchimbue wapi, mama yangu? Karachi ni mji mkubwa."

Wale tisa walitazama vikombe. Mmoja wao, kijana mwenye kovu jipya paji la uso, alikuwa kama anataka kusimama. Alijiinua kidogo, kitanda kikalia, mtu wa pembeni akamwekea mkono gotini, naye akakaa. Kisha ikaja chai ya mwisho, ya iliki. Ilikuwa nzuri. Khan hana ubahili kwenye iliki.

Kwa hiyo kuanzia siku hiyo Naubahara ni mjane halali, kila mtu anakubali. Wanawake wakikutana naye chemchemini wanasema, "Mungu amrehemu marehemu," na wengine wanalia. Shirinzada amekufa, kijiji kizima kimeitikia. Amekufa Karachi, kwenye joto.

Wafiwa walirudi jioni hiyohiyo kwa njia ya mawe, mzee mbele. Naubahara aliwafungulia mlango. Mmoja baada ya mwingine wakaingia ukutani, aliyeanguka na mwenye kumshika wakiwa wa mwisho, maana hao ni kazi. Wa sita aliteremka kwenye kuni, akakaa mahali pake, akatupa mgongo, kiriba kimejaa vilevile. Naubahara alisema asante. Akaosha birika kubwa la misibani, lile la watu hamsini, akalipandisha darini, akalifunika gunia.

Asubuhi alipiga magoti kubandika mkate, akasikia kuwa hakuna tone. Ukuta ulikuwa mkavu. Alipogeuka aliona jiwe limeongezeka.

Pale lilipokatika, baada ya mguu wa kitanda, jiwe lilikuwa limekua kwa upana wa kiganja. Juu ya kitanda, mwisho wa shuka, kulikuwa na nyayo mbili, vidole juu, kama za mtu aliyelala chali. Zilikuwa zimevaa makubadhi. La kushoto lilikuwa limetiwa soli ya tairi kwa misumari mitano, na msumari mmoja umepinda. Naubahara aliujua msumari huo. Aliupigilia mwenyewe. Kwenye mikunjo ya nyayo kulikuwa na udongo mwekundu, na huo haukuwa wa jiwe, ulitoka kwa kidole. Aliunusa. Bonde zima lina udongo wa kijivu, mwekundu uko kilimani tu, chini ya ghala.

Aliuacha mkate uungue. Alikaa mbele ya zile nyayo mpaka meko yakapoa. Kisha akaweka kikopo cha ugoro juu ya ukingo wa jiwe, karibu na makubadhi, akawasha moto upya.

Muqadar Khan alikuja kuangalia. Alituma mtu kwanza, wanawake wakaondoka, akaingia na Fazalwahid nyuma yake. Alivaa miwani. Alipitisha kidole kwenye muungano wa jiwe la zamani na jipya, akatafuta mstari, hakuona mstari. Alisimama pale muda mrefu kuliko ambavyo adabu inaruhusu.

"Kazi safi," alisema mwishoni. "Ila haya makubadhi yameharibu. Na hii tairi. Hakuna atakayechukua." Alivua miwani. "Mngeweza kuyachonga yakatoka?"

Fazalwahid alikuwa amechuchumaa, anaangalia msumari uliopinda.

"Basi, sikuuliza," alisema Khan, akatoka.

Jumatatu ghala lilifunguliwa. Masanduku yalisogezwa, boriti mpya za msonobari zikaletwa, sururu zikaanza kusikika, tki, tki, tki, upande wa pili wa kilima safari hii, ule laini zaidi. Kijana mwenye kovu hakurudi, alikwenda Karachi, kweli, na kitambulisho chake. Nafasi zikawa mbili. Moja ilichukuliwa na mtu wa kijiji cha ng'ambo. Ya pili alipewa Gulrang, mume wa Zartaja, ambaye aliamka alfajiri kwa mara ya kwanza tangu aoe, akavaa viatu vya mpira vyekundu alivyonunuliwa na kaka yake, akapanda kilima akiimba.

Zartaja aliteremka kwa ngazi kuja kuomba makaa. Makaa alikuwa nayo, moshi wa meko yake ulionekana. Naubahara alimwekea kwenye sepetu bila kuuliza.

Zartaja hakuondoka. Alikuwa anatazama jiwe, wala si wafiwa, wala si nyayo. Alikuwa anatazama ukingo, baada ya nyayo. Pale ukuta ulikuwa mtupu, udongo na majani ya ngano tu, nafasi ya kutosha.

"Pamebaki padogo hapo," alisema.

"Si padogo sana."

"Anaimba, unamsikia? Yule chizi. Anaimba."

Naubahara alisikiliza. Sauti ya Gulrang ilikuwa inapanda, ikakata, sururu ikaanza.

Alichukua kitambaa, akapangusa pale patupu, vumbi likatoka. Kisha akasimama kwenye kigoda, akanyoosha mikono darini, akaondoa gunia, akalishusha lile birika kubwa. Akaliweka karibu na maji.